UZI: Shirika la mabasi la jangwani California limeacha dizeli kabisa. Tunaotaka mwendokasi ya umeme tuanze kuangalia yadi

#1 FundiWaTanga

Wakuu salaam.

Kila mada ya mabasi ya umeme ikiletwa hapa jamvini, mjadala unakwama penye mambo mawili: bei ya basi na umri wa betri. Ni maswali halali. Ila mimi riziki yangu ni kutengeneza mabasi huku kusini mwa California, na ninachoona kikiamua kama gari litatoka alfajiri ni kitu kingine: umeme unaingiaje yadi (pale mabasi yanapolala), na nani kapanga gari gani lichajiwe saa ngapi. Nitalieleza hilo kwa mfano wa shirika ambalo habari zake ziko wazi kwa kila mtu. Karakana yangu mimi sitaitaja, haihusiki.

Shirika lenyewe ni Antelope Valley Transit Authority, AVTA. Liko kaskazini mwa kaunti ya Los Angeles, ng'ambo ya milima ya San Gabriel, pale jangwa la Mojave linapoanzia. Liliundwa 1992 na wabia watatu: mji wa Lancaster, mji wa Palmdale na kaunti yenyewe. Eneo lake ni takribani kilomita za mraba 3,100, zaidi ya mara mbili ya mkoa mzima wa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ni mchanga na vichaka. Watu wamehamia huko kufuata nyumba za bei nafuu, lakini kazi za wengi ziko Los Angeles, kama kilomita 100 kusini. Kwa hiyo shirika lina kazi mbili zisizofanana. Kuna mabasi ya mtaani yanayozunguka ndani ya bonde, na kuna makochi yanayobeba wafanyakazi alfajiri kuvuka milima na kuwarudisha jioni.

Mwaka 2016 bodi iliidhinisha kununua hadi mabasi 85 ya umeme kutoka BYD, kampuni ya China iliyokuwa imefungua kiwanda hapo hapo Lancaster tangu 2013. Lengo lilikuwa kumaliza dizeli mwisho wa 2018. Tarehe hiyo ilipita. Machi 2022 ndipo AVTA ikatangaza kuwa shirika la kwanza Amerika Kaskazini kuendesha huduma zake zote kwa umeme. Kipande cha mwisho kilikuwa makochi, na ukiiangalia njia yao unaelewa: mwendo wa barabara kuu, mlima kwenda na mlima kurudi, hakuna vituo vya kupumzikia katikati. Walikuja kuyapata kwa MCI, watengenezaji wa siku nyingi wa makochi.

Sasa njoo kwenye umeme. Usiku mabasi huchomekwa yadi kwenye chaja za kilowati 80. Lakini njia namba 1, inayounganisha Lancaster na Palmdale na yenye abiria wengi kuliko zote, inatumia mabasi marefu ya kujikunja ya mita 18, na kazi yake ni ya kutwa nzima. Kwa njia za namna hiyo AVTA ilifukia sahani za kuchaji chini ya lami kwenye vituo vikuu. Dereva analileta basi juu ya sahani, analipanga sawasawa, na umeme unapanda kwa njia ya sumaku bila waya wowote, hadi kilowati 250. Abiria wanashuka na kupanda, basi linakula kidogo, linaondoka. Dereva hashuki kugusa chochote.

Hesabu ndogo. Chukua yadi ya mabasi 80, kila moja na chaja yake ya kilowati 80. Yakirudi usiku na kila dereva akachomeka akaenda nyumbani, yadi inavuta kilowati 6,400 kwa mkupuo. Lakini basi la mita 12 hula kama kilowati-saa 1.2 hadi 1.5 kwa kilomita. Likitembea kilomita 200 kwa siku, tuseme linadai kilowati-saa 300. Zigawe kwenye masaa manane ya usiku, kila gari linahitaji wastani wa kilowati 37 na ushee. Yadi nzima kilowati 3,000. Magari yale yale, kilomita zile zile, mzigo kwenye transfoma chini ya nusu. Tofauti imeletwa na ratiba peke yake.

Na tofauti hiyo ni fedha. Mteja mkubwa wa umeme huku analipia uniti alizotumia, halafu analipia na kilele chake, yaani ile robo saa aliyovuta zaidi katika mwezi mzima. Usiku mmoja wa uzembe unailipisha yadi mwezi wote. Tozo hiyo ilikuwa inaua hesabu za mabasi ya umeme hadi shirika la umeme la huku, Southern California Edison, ikaisimamisha kwa wateja wa magari ya umeme kuanzia 2019, kwa miaka mitano, kisha irudi polepole.

Ndiyo maana nasema: siku tutakayosikia zabuni ya mabasi ya umeme nyumbani, swali la kwanza tuwaulize wahusika ni ramani ya yadi na mkataba wa umeme. Rangi ya basi na idadi ya viti tutaviona tu.

#2 Mwananyamala_B

Nondo za maana mkuu. Swali: jangwani joto ni kali. Betri haziungui? Na kiyoyozi si kinamaliza chaji?

#3 FundiWaTanga

Mkuu, kule kiangazi kinapita nyuzi 40 na baridi ya usiku wa Januari inashuka chini ya sifuri, kwa sababu bonde liko juu, mita 700 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Betri za BYD ni za lithiamu yenye chuma na fosfeti. Haziwi nyepesi kama aina nyingine, ila zinastahimili joto vizuri na ni ngumu kushika moto. Zina mfumo wake wa kupoza pia.

Kiyoyozi kweli kinakula. Basi likisimama milango wazi saa saba mchana, motor haifanyi kazi lakini kiyoyozi kinavuta tu. Ndiyo sababu mpangaji wa ratiba hahesabu kilomita peke yake, anahesabu na masaa. Basi lililo kwenye foleni kwa masaa matano linaweza kurudi na chaji kidogo kuliko lililotembea mbali barabarani. Kwa Dar hili ni la kuzingatia sana. Barabara ya mwendokasi yenyewe haina foleni, lakini mabasi mlishi, yale yanayoleta abiria kwenye njia kuu, yanapita mitaani na joto la Machi mnalijua.

#4 MzeeWaCoaster

Kaka mimi nimeendesha biashara ya daladala miaka mingi na nitasema ninavyoona. Hao wana serikali nyuma yao. Shirika la kaunti, bodi, ruzuku. Mimi nikienda benki kuchukua mkopo wa Coaster iliyotumika, riba yake peke yake inanitoa jasho. Basi la umeme bei yake ni mara mbili au zaidi ya la dizeli. Huo mfano hautuhusu sisi wa kukopa.

#5 FundiWaTanga

Mzee wangu, shikamoo. Kuhusu fedha uko sahihi na sitaki kulipita juu juu. Serikali kuu ya Marekani inaweza kubeba asilimia 80 hadi 85 ya bei ya basi la shirika la umma, na jimbo la California linaongeza lake. Tena kuna amri juu: Desemba 2018 California ilipitisha kanuni kwamba ifikapo 2040 kila shirika la usafiri wa umma liwe halina basi linalotoa moshi. Bila hivyo AVTA isingethubutu.

Fedha hizo nazo zina masharti. Sheria ya mwishoni mwa 2019 ilizuia fedha za serikali kuu kununua mabasi ya kampuni zenye mkono wa China, baada ya muda wa mpito wa miaka miwili. BYD wana kiwanda Lancaster, wafanyakazi ni wa Lancaster, wana chama chao cha wafanyakazi, na bado sheria iliwagusa. Kwa hiyo hata mwenye ruzuku anaamuliwa anunue wapi.

Lakini Mzee, tofauti ya bei ya kununua ndiyo sehemu wanayoisema wote. Sehemu nyingine ni kwamba kule mabasi na yadi ni mali ya shirika la umma, na mwendeshaji ni kampuni ya kandarasi inayoleta madereva. Mkandarasi akiondoka, chaja zinabaki na magari yanabaki. Ukimpa mwendeshaji binafsi wa mkataba mfupi jukumu la kujenga chaja za miaka ishirini, hatajenga. Wewe mwenyewe usingejenga kwenye kiwanja cha kupanga.

#6 Wambui_wa_Embakasi

Habari zenu kutoka Nairobi. Ningependa kumjibu Mzee wa Coaster, kwa sababu hilo swali lake huku kwetu limepata jibu la aina fulani.

BasiGo walianza majaribio Machi 2022 na mabasi mawili ya BYD ya viti 25, yakiendeshwa na Citi Hoppa na East Shuttle. Mwenye matatu hanunui betri. Analipa bei ya gari inayokaribiana na ya dizeli, halafu kila kilomita analipia ada, na ndani ya ada hiyo mna betri, stima (umeme) na matengenezo. Gari lisipotembea halidai. Sasa wako Kigali pia. Na serikali nayo ilisogea: mwaka 2023 tulipata bei maalum ya stima kwa magari ya umeme, na usiku ni nafuu zaidi.

Stima yetu nyingi ni ya mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo wa Turkana. Usiku wa manane ule mvuke hauna mteja. Kwa hiyo kuchaji mabasi usiku kwetu ni kumpa kazi mtu aliyekaa bure.

Lakini nakubaliana na mleta mada kuhusu yadi. Matatu za Nairobi hazina yadi. Zinalala kwenye vituo vya petroli na kwenye ploti za watu. Hiyo ndiyo shida kubwa kuliko bei ya basi. Kampuni inabidi itafute ploti, ivute stima ya kutosha, iweke mlinzi, na ploti iwe karibu na mwisho wa ruti, la sivyo gari linaenda kuchaji tupu kilomita kadhaa na kurudi tupu.

#7 Msongo33

Mimi ni fundi wa umeme wa usambazaji, Dar. Naomba niongeze upande wangu.

Watu wanasema sasa tuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, mitambo tisa ya megawati 235, umeme upo. Ni kweli upo. Kuzalisha ni jambo moja, na kuufikisha uwanja fulani ni jambo lingine. Megawati 3 za yadi moja anayosema FundiWaTanga kwa gridi ni kitu kidogo. Kwa laini ya mtaa inayolisha nyumba na saluni na mashine za kusaga, ni mzigo mzito. Hauwezi kuja tu ofisini ukasema naomba niunganishiwe wiki ijayo. Kunahitajika laini ya msongo wa kati ya kwako, transfoma zako, swichigia (makabati ya swichi kubwa), na mara nyingine kupanua kituo cha kupozea umeme. Vifaa hivyo vinaagizwa nje.

SGR, reli yetu mpya ya umeme, tuliweza kwa sababu umeme ulipangwa na reli kwa pamoja. Laini ya kilovolti 220 ilijengwa kwa ajili yake, na 2024 treni zikaanza kazi Dar hadi Morogoro kisha Dodoma. Hakuna aliyesema tulete vichwa vya treni kwanza, umeme tutautafuta.

Kuhusu tozo ya kilele: hata kwetu ipo. Mteja mkubwa analipia kVA yake ya juu ya mwezi, yaani mzigo wake wa juu, mbali na uniti. Wenye viwanda wanaijua vizuri. Watu wa usafirishaji wamezoea mafuta, lita ni lita mchana na usiku, na hawatalijua hili hadi bili ya kwanza.

#8 FundiWaTanga

#7 mkuu, asante sana. Bandiko hili ningetamani kila mjumbe wa bodi ya usafiri alisome.

Niongeze tu: huko Maryland, kaunti ya Montgomery, walikutana na ukuta huo huo. Wakafunga paneli za jua juu ya maegesho, betri kubwa za kuhifadhi na mitambo ya gesi ndani ya yadi yenyewe, jumla megawati 6.5, kwa ajili ya mabasi 70. Ilifunguliwa Oktoba 2022. Yadi ikikatikiwa na umeme wa nje, mabasi bado yanachajiwa. Ni ghali, ila inaonyesha mtu akilichukulia jambo kwa uzito anaanzia wapi.

#9 Kijichi2019

Mbona husemi yaliyoshindwa? Nimesoma kampuni ya Proterra ilifilisika. Huko huko Marekani.

#10 FundiWaTanga

Nasema yote mkuu, ndiyo maana nimeanzisha uzi.

Proterra iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Agosti 2023. Ilikuwa kampuni kubwa ya mabasi ya umeme Marekani. Jirani yake AVTA, shirika linaloitwa Foothill Transit, ndilo lilianza mapema kuliko karibu wote. Mwaka 2010 liliweka mabasi ya Proterra yanayochajiwa haraka njiani, kituo kiko Pomona. Wazo zuri, na wao walijitoa kafara kujifunza kwa niaba ya wengine. Lakini magari ya kizazi cha kwanza yalianza kusimama kwa kukosa spea, na baadaye Foothill ikanunua mabasi 33 ya haidrojeni kwa njia zake ndefu.

Na AVTA nao hawajaepuka. Zile sahani za chini ya lami zilitengenezwa na WAVE, kampuni ya Utah. Mwaka 2021 ikanunuliwa na Ideanomics, na Desemba 2024 Ideanomics nayo ikaenda mahakamani kuomba ulinzi. Fikiria umefukia vifaa kwenye zege la kituo chako na aliyevitengeneza anayumba. Sahani hizo si tundu la kawaida ambalo kesho utamwita mtu mwingine alete plagi yake. Basi lina sahani ya pili tumboni iliyotengenezwa kwa ajili ya ile ya chini tu.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo na naushikilia: nyumbani tusinunue teknolojia ya kuchaji ya kampuni moja. Plagi iwe ya kiwango kinachotumika na wengi. Programu ya kupanga chaji iongee na chaja za kampuni yoyote. Michoro ya umeme na kompyuta ya kupimia ubovu ziwe sehemu ya bei ya basi, ziandikwe kwenye mkataba kabla ya malipo. Nimeona gari zima kabisa likikaa wiki kadhaa kwa sababu karakana haikuwa na ruhusa ya kuingia kwenye programu ya mtengenezaji. Betri nzima, motor nzima, matairi mapya. Abiria wanasubiri kituoni.

#11 Bi_Khadija_Gerezani

Mimi ni abiria tu. Nina pumu. Kituo kikubwa mabasi yanakaa yameunguruma dakika kumi, ishirini, na moshi wote unabaki pale pale tulipojipanga. Mnavyohesabu kilowati mhesabu na sisi. Wanaosimama vituoni muda mrefu ni watoto wa shule, wajawazito na wazee.

Halafu swali. Basi lisilo na sauti, mtu asiyeona atajuaje linakuja?

#12 FundiWaTanga

Dada Khadija, hili umelisema vyema kuliko sisi mafundi. Faida ya kwanza ya basi la umeme inapatikana hapo hapo kituoni, mita mbili kutoka kwenye bomba la moshi, kabla hata ya kuzungumzia hali ya hewa ya dunia. Karakana pia. Mafundi wa dizeli tumevuta moshi ule maisha yetu yote ya kazi.

Kuhusu sauti: nchi za Ulaya zimelazimisha kila gari jipya la umeme, basi likiwemo, litoe sauti ya tahadhari likiwa kwenye mwendo mdogo, tangu Julai 2021 kwa magari yote mapya. Kwenye zabuni yetu iwe sharti. Kipaza sauti hicho ni kifaa kidogo na bei yake haifiki popote ukilinganisha na basi. Vyama vya wasioona viitwe kuisikiliza sauti yenyewe kabla haijapitishwa.

#13 Ubungo_Maji

Na mafuriko je? Pale Jangwani, Dar, kila masika tunaona maji yanaingia yadi ya mwendokasi. Betri na maji vinaendana?

#14 FundiWaTanga

Betri ya basi imefungwa kuzuia maji na mabasi mengi ya sakafu ya chini huiweka juu ya paa au nyuma. Basi kupita kwenye dimbwi si tatizo. Tatizo ni yadi iliyozama: chaja, swichigia, transfoma, mifereji ya kebo. Hivyo vikiingiwa na maji ya tope havifai tena mpaka vikaguliwe na vingi vibadilishwe, na siku hiyo hakuna basi hata moja linalochajiwa. Yadi ya dizeli ikizama unahamisha magari na kuleta lori la mafuta pembeni ya barabara. Yadi ya umeme haina njia hiyo ya mkato. Kwa hiyo bonde la Msimbazi, ilipo Jangwani, kwa yadi ya umeme, jibu langu ni hapana. Ikilazimu, vifaa vyote vya umeme viwekwe juu ya jukwaa la zege, juu ya alama ya mafuriko makubwa yaliyowahi kuonekana, na jukwaa hilo lijengwe kwanza.

#15 Kijana_wa_VETA

Shikamoo FundiWaTanga. Nasoma ufundi wa magari mwaka wa pili. Nikitaka kuwa fundi wa haya magari nijifunze nini? Walimu wetu wengi ni wa injini.

#16 FundiWaTanga

Marahaba mdogo wangu. Swali lako limenifurahisha kuliko yote kwenye uzi huu.

Kwanza ondoa hofu kwamba ya injini ni bure. Basi la umeme bado lina upepo wa breki, springi za upepo, milango, usukani, ekseli, viyoyozi. Asilimia kubwa ya magari yanayoingia karakana kwangu yanaletwa na mlango usiofunga au betri ndogo ya volti 24 iliyokufa. Ndiyo, basi lenye betri kubwa iliyojaa halitawaka kama ile ndogo imekufa, kwa sababu ndogo ndiyo inayoamsha kompyuta na kufunga swichi za kubwa. Ukiwa fundi wa kweli wa umeme wa volti 24, na ukajua kusoma mawasiliano ya kompyuta za gari, umeshaingia zaidi ya nusu ya kazi.

Matairi yanalika haraka kwa sababu gari ni zito na motor ina nguvu tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Pedi za breki kinyume chake, zinadumu sana, kwa sababu dereva akiachia kanyagio motor inageuka jenereta na kupunguza mwendo yenyewe. Mfundishe dereva kuendesha hivyo na utaona chaji inayobaki jioni.

Sasa volti kubwa. Kebo zote za rangi ya machungwa ni za volti kubwa, mara nyingi mamia ya volti. Usiguse hadi umefundishwa na umepewa cheti. Utaratibu wetu ni huu: zima gari, toa kiunganishi cha usalama, weka kufuli yako na ufunguo utie mfukoni mwako, subiri muda uliotajwa kwenye kitabu ili umeme uliobaki kwenye vifaa uishe, kisha pima kwa mita uhakikishe ni sifuri. Mita yenyewe ijaribu kwanza kwenye chanzo unachokijua, kabla na baada. Glovu za mpira zinapimwa kila baada ya miezi kadhaa na kila asubuhi unazijaza upepo kutafuta tundu. Na hufanyi peke yako. Lazima awepo mwenzako amesimama pembeni na ndoano ya kukuvuta, hana kazi nyingine yoyote wakati huo.

Mwambie mwalimu wenu aombe motor kuukuu na kibadilisha umeme (inverter), mvifungue darasani. Maswali ya michoro yalete hapa hapa, nikitoka zamu nayajibu.